Sensa Iliyooga Petroli

Mama Sindano hakuwahi kuliogopa gari lake mpaka siku lilipozima mbele ya lori. Alikuwa anatoka kliniki na binti yake, kitindamimba, ambaye ujauzito ulikuwa umeshamlemea. Injini ilikata bila hata kukohoa. Lori la mchanga likapiga honi nyuma yao mpaka binti akashika tumbo. Dereva wa lori akachungulia dirishani na kuuliza, "Vipi mama, limesimama kunyonyesha?"

Mama Sindano alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Gari hilo dogo jeupe aliachiwa na marehemu mumewe, aliyelinunua likiwa limeshatumika ng'ambo na kuletwa kwa meli. Kila likiwashwa, sauti ya mwanamke kutoka kwenye dashibodi ilisema jambo kwa lugha ambayo mtaani hakuna aliyeijua. Marehemu alikuwa akiiitikia, "Marahaba."

Mtoto wa kwanza wa binti alizaliwa kwa upasuaji. Safari hii daktari alikuwa amemwonya: uchungu ukianza, usingoje, mshono wa zamani unaweza kufumuka. Neno hilo, kufumuka, Mama Sindano alilielewa kuliko alivyotaka. Mkwe wake alikuwa kazini mbali, teksi ya mtaa ilipatikana ilipojisikia, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli.

Fundi wa gari, waliyemwita Sikio kwa sababu alisikiliza injini kwa bisibisi iliyogusa sikio, alichomeka kifaa chake cha kusomea makosa, akatikisa kichwa.

"Mama, ni sensa ya krenki."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kidude kama kidole gumba, kimejibanza huku chini. Ndicho kinachoiambia injini cheche itoke lini. Chako kikipata joto kinazimia, kikipoa kinafufuka. Likikukwamia, kimwagie maji."

"Nimpeleke mzazi hospitali na ndoo mkononi?"

"Ndiyo maana nasema tutafute kingine."

Katika duka la vipuri vipya muuzaji alitaja bei, Mama Sindano akadhani anauziwa injini nzima. Duka la pili walimwonyesha ya bei nafuu ndani ya boksi linalong'aa. Akampigia Sikio, naye akamwambia, "Hapo unanunua boksi, mama. Njoo nikufungulie yako, uende kwa Bwana Nati."

Kwa Bwana Nati, muuza vipuri vilivyotumika, huuziwi kitu bila sampuli. Magari yanayofanana kama mayai hutofautiana plagi ya nyaya, na yeye alikuwa amechoka kurudishiwa mali. Kwa hiyo ilibidi sensa ing'olewe na gari libaki uani kama mzoga. Mama Sindano aliifunga uzi mwekundu kwenye tundu la bolti, kama anavyofunga mikono ya mashati asichanganye wa kulia na wa kushoto, akaitia kwenye pochi. Njia nzima alikuwa akipiga simu.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Kama nilivyojisikia uliponipigia ukiwa getini, mama."

Kibanda cha Bwana Nati kilinuka petroli. Alipekua ndoo tatu, akaibuka na sensa iliyojaa grisi.

"Pacha wake huyu. Lete yako tuwaogeshe, uwaone wenyewe."

"Yangu ya nini kuiogesha? Imekufa."

"Hata maiti huogeshwa, mama."

Alikata ule uzi kwa kisu, akazitumbukiza zote mbili kwenye kopo la petroli, akazisugua kwa mswaki na kuziweka juu ya kaunta. Kweli zilikuwa pacha. Simu ya Mama Sindano ikalia. Aliipokea akiipa kaunta mgongo. Kumbe ni mzazi wa mwanafunzi anaulizia sketi. Alipogeuka, Bwana Nati alishafunga moja kwenye gazeti.

Sikio aliifunga asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi. Gari liliwaka mara moja. Sauti ya yule mwanamke ikasema lake, na Mama Sindano akaitikia, "Marahaba," machozi yakimlengalenga.

Uchungu ulianza siku chache baadaye, jua la mchana likiwaka. Binti aliketi nyuma akiuma kitambaa. Mama Sindano aliendesha akisikiliza injini kuliko alivyomsikiliza mwanawe, na aibu ya jambo hilo ikamchoma. Foleni ilikuwa ndefu. Injini ilipata joto. Magurudumu ya mbele yalipovuka reli, ikakata.

Akageuza swichi. Injini ikazunguka bila kuwaka. Akageuza tena. Kengele ya geti la reli ikaanza kulia.

"Shuka!"

"Siwezi, mama."

"Shuka nakwambia!"

Hakujua alifikaje mlango wa nyuma. Alimvuta binti kwa makwapa, na akilini hakuwa na kitu ila ule mshono. Wabeba magunia wa ghala la jirani walikuja mbio. Mmoja alimfokea, "Gia, mama, toa gia!" Akarudi akaitoa, wakasukuma. Treni ilipita gari likiwa limesimama ng'ambo, vumbi likiwaingia vinywani.

Boneti likafunguliwa. Alichukua chupa ya maji ya kunywa ya binti na kuimwaga yote pale alipouona mkono wa Sikio ukiingia siku ya kufunga sensa. Mvuke ukapanda. Walingoja, binti akilia kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Alipogeuza swichi, yule mwanamke alisema lake na injini ikawaka. Hakuna aliyemwitikia.

Mtoto alitolewa salama. Daktari alisema mshono ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi.

Sikio alipoing'oa ile sensa, aliigeuza mara mbili, akamwonyesha Mama Sindano. Chini ya kimpira chake cha kuzuia mafuta kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu.

Mama Sindano alipoirudisha kibandani, Bwana Nati hakungoja kuulizwa. Sensa nzima ilikuwa bado juu ya kaunta.

"Mama, sikujua ni ya nani. Niliiona jioni nikifunga kibanda, nikaipasha joto na kuipima, kumbe ndiyo nzima, nikajua kuna mtu nimempa yake mwenyewe. Kila gari la aina hiyo likipita natoka kuchungulia."

"Ulinirudishia ugonjwa wangu ukiwa umeoga," alisema Mama Sindano. Alitaka kumtukana, akaishia kukaa juu ya ndoo. Bwana Nati akasimama kando, mswaki mkononi, asijue pa kuuweka.

Tangu ifungwe ile nzima, gari halijazima hata mara moja. Binti alipopeleka mtoto chanjo, bibi ndiye aliyeendesha. Walipoikaribia reli alisimamisha gari pembeni. Geti lilikuwa wazi, kengele kimya.

"Kuna nini tena, mama? Si limepona?"

"Limepona. Shuka na mtoto, mvuke reli kwa miguu. Nitawakuta ng'ambo."