Siku Baba Aliposema Alimpika Kaka Yangu

Baba alitoka Lubumbashi na mke na cherehani, mimi nikazaliwa kambini Kakuma. Alishona sare za shule miaka mingi hapa Kenya, lakini Kiswahili chake kilibaki kule kule alikotoka. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka chinichini.

Kaka yangu alipompenda binti wa Kiturkana wa Lodwar, Baba aliamua twende tukajitambulishe kwa adabu. Tulipata kibali cha kutoka kambini, tukapanda basi la asubuhi. Njia nzima alijizoeza kusema "ejok", akimsalimia kila abiria aliyepanda, pamoja na mbuzi wake.

Kwa wakwe tulikaribishwa chai ya maziwa. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, aliuliza kijana huyu amelelewa vipi. Baba akaweka kola sawa. Swali hilo alikuwa amelisubiri.

"Huyu nilimupika tangu mutoto," akasema. "Akikosa kidogo, namupika. Mama yake pia alimupika."

Wenyeji wakatazamana. Mama akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilijua tatizo: kwao Lubumbashi kupika ni kupiga, hata simu wanaipika. Nilitaka kueleza, lakini kicheko kilinikaba na chai ikanitokea puani.

Bibi wa binti, aliyejaa shanga hadi kidevuni, hakujua Kiswahili. Aliomba atafsiriwe, na mwalimu akamtafsiria neno kwa neno. Bibi akamkagua kaka yangu kuanzia viatu hadi nywele, kisha akauliza jambo kwa upole.

"Anauliza," mwalimu akasema, "kama amepikwa na watu wawili, mbona bado mbichi?"

Hapo nikajikaza, nikaeleza. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Baba hakucheka. Alisema Wakenya wameiharibu lugha, akaomba chai nyingine.

Walitukubali hata hivyo. Siku ya harusi, wanaume wa Kiturkana walipoanza kuruka, Baba naye akaingia katikati akaruka. Suruali ya suti aliyojishonea mwenyewe ikapasuka nyuma yote. Wazee wawili wakamsitiri, wakamfunga shuka kiunoni, ngoma ikaendelea.

Alirudi Kakuma na shuka hiyo. Mama aliishona suruali kesho yake, akaitundika mlangoni aione. Wiki nzima Baba aliipita, shuka kiunoni. Wateja walipouliza, alisema mtu mwenye wakwe Lodwar huvaa hivi, tena upepo unaingia vizuri.