Nilivyojinyima Ufunguo wa Ghala la Bunduki

Tangu wiki jana nina hasira, na wa kulaumiwa ni huu mdomo wangu. Polisi Tarime walitaka askari wa kutunza ufunguo wa ghala la bunduki. Inspekta Mzungu akaniuliza, "Umewahi kuvuta bangi?"

Niliivuta miaka miwili nikichunga ng'ombe Machochwe, lakini nikajibu, "Sijawahi hata kuiona, bwana."

Akaweka mezani kifurushi walichokamata. "Basi nionyeshe kama tumbaku hii ni nzuri."

Mjinga mimi nikanusa, nikajitia utaalamu. "Tumbaku gani, bwana? Hii bangi haijakauka, itakuumiza kichwa bure!"

Hakucheka hata kidogo. "Mwenzako Chacha alikiri kwamba alivuta ujanani, na ufunguo nampa yeye. Bangi ya zamani ningekusamehe. Mwongo simpi bunduki."