Neno la Nyongeza

Mjukuu wangu alizaliwa Hispania na hajui Kiswahili wala Kinyarwanda. Binti yangu aliponipigia kusema wanakuja, aliongeza kwamba mtoto analia sana mbele ya wageni. Nikauliza wageni gani. Akajibu: "Mama, hajawahi kukuona."

Basi nikawa na wiki chache za kuacha kuwa mgeni. Jirani yangu hapa Kimisagara, fundi cherehani, aliwahi kuwapikia masista Wahispania huko Bujumbura. Nikamfuata na jozi ya viatu vya mtumba, vile ninavyouza sokoni, tukapatana: viatu kwa maneno. Alitaka tuanze na salamu. Nikamwambia salamu hata mkono unatosha, aniuzie ya kilio. Akanipa llorar, yaani kulia; lágrima, chozi; miedo, woga. Sollozar, kulia kwa kwikwi, nililirudisha, gumu mno mdomoni, akagoma kulipokea. Na la kubembelezea: no llores, usilie. Hilo nililipenda. Kwetu mtoto akilia anaambiwa "ihorere", nyamaza, kazi imekwisha.

Nikayahesabu mara mbili, kisha nikadai nyongeza, maana viatu vilikuwa vya ngozi.

"Wewe mama, unakamua hata jiwe," akasema, akanipa la mwisho: "Llora, aquí estoy." Lia, nipo hapa.

Nikamwambia hiyo bidhaa haina mnunuzi. Nani anamwambia mtoto alie?

Pale uwanja wa ndege, Kanombe, mtoto alinitazama mara moja, akajificha nyuma ya mama yake, akaangua kilio. Nikasema no llores. Akazidisha. Nikarudia kwa sauti yangu ya sokoni, watu wakageuka. Binti yangu akaangalia sakafu. Nilikuwa nimebaki na lile la bure tu. Nikachuchumaa, magoti yakalalamika.

"Llora," nikasema polepole. "Aquí estoy."

Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei ndogo kuliko aliyoiogopa. Akalia kweli, kwa kwikwi, nikalitambua lile neno gumu. Lakini safari hii alilia begani kwangu. Nikamwacha amalize. Halafu nikamfunga mgongoni kwa kitenge, miaka yake mitano na uzito wake wote, akasinzia kabla hatujafika kwenye gari.

Mizigo niliihesabu mara moja tu. Tuliporudi kufuata sanduku tulilosahau, mtoto alikuwa bado mgongoni kwangu.