Besi Bila Spika

Mdogo wangu ni fundi makochi. Akivuta mkanda wa kiti, mbao zinalia. Mtaani wanamwita Springi, kwa sababu mfukoni hakosi springi moja au mbili, na kwa sababu hajui kukaa mahali akatulia. Tangu mkewe aondoke anakaa kwangu, chumba cha nyuma: kitanda, kabati la mbao, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Mwisho wa wiki alikuwa na kazi nyingine, kubeba spika za bendi inayopiga kwenye maharusi. Miaka kumi na mmoja alizibeba. Anaziingiza ukumbini, anazipanga, anakaa nyuma yake mpaka sherehe iishe, anazitoa tena. Siku moja wakipakia vyombo, kiongozi wa bendi, mwanamume mwenye maneno matamu kuliko matendo, akamwambia, "Springi, huyu Miwani anatuacha mwakani. Ukijua besi, nafasi ni yako."

Miwani ndiye aliyekuwa mpiga besi wao. Anavaa miwani nyeusi hata chumbani, sijui anaogopa mwanga au anaogopa watu wamtazame machoni. Mimi naona kiongozi alisema vile ili spika zipande gari haraka. Mdogo wangu aliyapokea yale maneno kama hati ya kiwanja.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na gitaa hajawahi kulishika ila kwa kulibeba.

Kwanza alimwendea Miwani mwenyewe, kwa heshima zote. "Kaka, nielekeze japo kidogo."

"Besi haifundishwi. Inakuja yenyewe."

"Inakuja ikitokea wapi?"

"Ikifika utaiona."

Mtu wa hivyo hata ukimuuliza saa atakwambia jua linajua. Mdogo wangu hakukasirika. Alimvalishia mtu kochi zima la kukaliwa na watatu, kitambaa kipya, sponji mpya, naye akapewa gitaa la besi la nyuzi nne, rangi imebambuka. Akaja nalo amelifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga.

Sasa besi ya umeme bila spika yake haisikiki. Unakwangua, inajibu kama mpira uliofungwa kwenye kopo. Bendi walikuwa na spika kuukuu ya besi waliyoitupa stoo, Springi akaomba, wakampa. Akaifikisha mpaka mlangoni kwangu.

"Hiyo haiingii," nikamwambia.

"Dada, nitaiweka chini chini."

"Chini chini ndiyo namna gani? Ulishaona ng'ombe akalia chini chini? Mimi naamka saa kumi na moja kwenda kufua mashuka ya hospitali nzima. Nikirudi nataka kusikia masikio yangu mwenyewe."

"Nusu saa tu kwa siku."

"Nyumba yangu si ukumbi."

Akacheka, akaigeuza, akairudisha ilikotoka. Nami nikaingia ndani nikijiona nimetawala.

Basi akajifunza bila spika. Aligundua kwamba akiliegemeza gitaa kwenye mlango wa kabati, mbao inalibeba lile vumo, naye akiweka shavu pale anasikia. Ndivyo alivyokuwa kila jioni akitoka kwenye makochi: amejipinda, shavu kwenye kabati, henga za nguo zinagongana ndani. Nyimbo alizitoa kwenye simu, na kwa kuwa simu haina sauti nzito, aliitumbukiza kwenye jagi la plastiki. Shingo ya gitaa aliichora alama kwa chaki ya kukatia vitambaa. Vidole vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu juu ya sugu za kochi.

"Umemaliza kumkuna kabati?" nilikuwa namuuliza.

"Huyu ndiye ananisikiliza. Nyie wengine viziwi."

Kuhusu mkono wa kushoto, alikuwa na mwalimu asiyejijua. Pale nyuma ya spika alipokaa miaka yote, alimwona Miwani kwa ubavu wa kushoto. Kila kidole kilipokanyaga, alikiona. Mkono wa kulia ulizibwa na kiwiliwili cha mwenyewe, na Springi hakuuwazia sana. Wa kulia si unapiga tu, alisema.

Mwaka mmoja na nusu. Sitasema uongo, alijua. Jumapili moja nilikuwa nimeegemea ukuta wa chumba chake nakunja nguo, nikasikia mgongo wangu unatetemeka, na wimbo naujua, nikaufuata kwa mguu mpaka mwisho. Sikumwambia. Sisi kwetu kusifiana ni kazi ngumu kuliko kuchota maji.

Siku ya kujaribiwa ilikuwa Alhamisi mchana. Akaniomba niende naye. Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa gauni la kutokea. Ukumbini walikuwepo kiongozi, Miwani aliyekuja kuaga, mpiga ngoma, mpiga kinanda, na mwanamume mmoja mnene, nikaambiwa ni shemeji yake kiongozi. Ukutani palikuwa na mfuko wa gitaa ambao si wa Miwani wala wa mdogo wangu. Niliuona, nikajua kuna neno.

Springi akachomeka waya. Mara ya kwanza gitaa lile kukutana na spika mikononi mwake. Ngoma ikaanza, kinanda kikafuata, naye akaingia mahali penyewe hasa.

Mungu wangu. Vidole vilikuwa sawa, hata mimi niliona. Lakini kila sauti aliyoitoa ilikataa kufa. Ya kwanza inanguruma, ya pili inaipanda mgongoni, ya tatu inazikuta mbili bado zinagombana. Nyuzi ambazo hakuzigusa nazo zikajiamsha zikavuma. Kwenye kabati hayo hayasikiki, kabati lilimfichia aibu zake zote. Na yeye, kwa kuzoea kuitafuta sauti ndani ya mbao, alikuwa anazivuta nyuzi kama mkanda wa kiti.

Mpiga ngoma akaacha. Kiongozi akasema, "Springi, hii besi au lori linapanda mlima?"

Wakacheka. Miwani alicheka taratibu, kama mtu aliyelijua jibu tangu zamani.

"Naomba tena," mdogo wangu akasema.

Akapiga tena. Kwa woga akavuta zaidi, spika ikakohoa.

"Basi, kaka. Pumzika," kiongozi akasema. "Kila mtu na kipaji chake." Halafu, bila hata kumeza mate, "Shemeji, hebu."

Shemeji akafungua ule mfuko wa ukutani. Alipiga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nyimbo tatu, wakashikana mikono, wakapanga safari ya Jumamosi.

Tulipotoka, yule shemeji akatufuata mpaka kwenye gari la vyombo. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na utu pale.

"Kaka, wewe nyimbo unazijua zote. Hujui kuzima tu."

"Kuzima nini?"

"Nyuzi. Usiyoipiga unailaza kwa kidole gumba hivi, na uliyomaliza kuipiga unaikata. Hukusikia nyumbani zinavyovuma?"

"Nyumbani sina spika."

"Aa. Basi ndiyo maana."

Akamshika mkono wa kulia, akamwonyesha. Dakika tano, hazikufika kumi. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, akarudia, akapata. Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu, hata kwa jicho baya.

Njiani nikamwambia, "Ile spika kawaombe tena. Ilete ndani."

"Ya nini, dada?"

"Ujizoeze kuzima."

"Kuzima nimeshajua. Nafasi ndiyo imekwenda."

"Ungenibishia siku ile."

"Nyumba ni yako."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayekutajia njia ya kwenda sokoni. Tukaenda mpaka kwetu, akapita chumbani kwake, nikamsikia akilisukuma gitaa chini ya kitanda.

Jumamosi asubuhi kiongozi akabisha hodi, mwenyewe. "Dada yetu, habari za hapa. Springi yuko wapi? Vyombo havijapakiwa."

Siku mbili nilikuwa nimemwekea maneno. Nikasimama katikati ya mlango nikampa yote: "Ulimhangaisha mtu mwaka na nusu na mfuko wa shemeji yako uko ukutani. Leo mwambie huyo shemeji abebe spika. Kwangu hutoki na mtu."

Hakupata nafasi ya kujibu. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, amekwisha vaa shati la kazi na glavu kazishika mkononi.

"Dada, nipishe," akasema. "Watu wana harusi."

Nikampisha. Kiongozi akamshika bega, wakaenda wakizungumzia ukumbi, kama una ngazi au hauna.