Springi Niliyoilegeza, Mzee Aliyelaumiwa

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo najijua, nitajitetea. Bastola ya Neema niliiharibu mimi, kisha nikakaa kimya mtu mwingine akibebeshwa lawama. Neema si jina lake. Langu silitaji, naona haya.

Kabla sijaja huku Guangzhou, China, kufanya biashara ya mikoba, nilikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha kule nyumbani, Arusha. Kulenga sikujua sana. Sifa yangu ilikuwa mikono: nilifungua bastola za wenzangu, nikazisafisha, nikazirudishia. Wakaniita fundi, nami nikavimba kichwa.

Neema ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Alifundishwa na baba yake mdogo, mzee mpole aliyekuwa mtunza stoo ya risasi palepale klabuni. Wiki tatu kabla ya mashindano ya kuchagua timu ya kwenda nje, Neema akanifuata.

"Kaka, triga yangu nzito, inanivuta mkono. Huwezi kuilainisha?"

Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Nikatoa springi ya nyundo, ile inayoisukuma igonge risasi, nikaweka nyingine laini zaidi. Triga ikawa kama siagi. Neema akafurahi, na mimi nikajiona.

Siku ya mazoezi risasi mbili zikamgomea Neema, akanipa bastola niikague. Nyundo iligonga, ikasikika "ta", basi. Nikaziokota. Kwenye kitako cha risasi, pale pini inapogonga ili baruti iwake, palikuwa na alama hafifu kama ya ukucha. Risasi iliyogongwa sawasawa huwa na shimo la kuonekana. Nilijua maana yake: springi haina nguvu. Kurudisha ile ya zamani ilikuwa kazi ya robo saa tu. Lakini ningemwambiaje kwamba fundi kakosea? Nikazitia mfukoni, nikaipaka bastola mafuta, nikamwambia iko tayari.

Kwenye mashindano Neema aliongoza mpaka raundi ya mwisho. Hapo ikagoma. Akaitoa risasi, akafyatua tena, ikagoma tena. Muda ukaisha, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Kamati ikaniita mimi, kama fundi, niseme kilichotokea. Nikasema, "Risasi zimepata unyevu stoo."

Mzee akasimama. "Nimezitunza kwa mkono wangu. Zilikuwa kavu."

Hakuna aliyemsikiliza. Akanyang'anywa funguo za stoo. Neema akamwambia mbele ya watu, "Baba mdogo, umenimaliza." Hawakusemezana tena. Neema alipoolewa, mzee hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mwaka huu Neema alikuja huku kununua mikoba, akanitafuta nimwongoze. Tukakodi gari kwenda Shiling, kwenye masoko ya mikoba. Njiani akaniambia, "Baba mdogo anaumwa, hawezi kutembea. Mama ananisihi niende kumwona. Siwezi, kaka. Nikimwona naikumbuka siku ile."

Nikageuza uso dirishani.

Tukaingia duka la kwanza. Mwenye duka alitandaza mikoba huku akiniita "laoban, laoban", yaani bosi, na mimi sikuweza hata kuuliza bei. Nikamwomba Neema tutoke, tukasimama kwenye ngazi, nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya boksi la mzigo.

"Ulijua tangu siku ya mazoezi?"

"Nilijua."

"Ukaja kwenye harusi yangu, ukala, ukacheza."

"Nilikuja."

Akatoa simu. Nyumbani ilikuwa asubuhi. Ilipopokelewa akasema, "Baba mdogo, shikamoo."

Akaiweka simu kwenye spika.

"Marahaba, mwanangu."

Neema akalia, kisha akamsimulia kila nilichomwambia. Nikasogea, nikanyoosha mkono, nikamwomba kwa sauti anipe simu niombe radhi. Sauti ya mzee niliisikia vizuri kabisa.

"Huyo usinipe. Niambie wewe, u mzima?"

Waliongea nikiwa nimesimama hapo kama mtu asiyekuwepo. Baadaye Neema akaniambia atatafuta mwenyeji mwingine wa kumzungusha. Nikarudi Xiaobei, mtaa ninaokaa, peke yangu kwa basi. Nimempigia mzee mara kadhaa tangu siku ile. Hapokei, na simlaumu.

Wewe unayechezea bastola ya mashindano, nisikilize. Ukilainisha triga, ijaribu kwa risasi zilezile zitakazotumika siku hiyo, tena nyingi. Alama ikiwa hafifu, rudisha springi, safisha njia ya pini, usibahatishe. Na ukiona umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama watakucheka. Mimi niliogopa kuchekwa, nikavunja familia ya watu.