Herufi Tatu za Champion Kahongya

Kule Butembo, ukitaka misumari tu, utaelekezwa maduka mengi. Ukitaka misumari pamoja na hotuba, utaelekezwa duka la Kahongya Syauswa. Alikuwa mwanaume mwenye tumbo la heshima na sauti ya mimbarani, na kabla hajakupimia kilo yako ilikuwa lazima akujulishe kwamba yeye si muuzaji hivi hivi. Yeye ni champion. Champion wa nini? Ukiuliza hivyo tu, umekwisha. Anakuvutia kiti.

Zamani, alipokuwa akisoma Beni, mapadri walikuwa na chumba cha kompyuta. Katika kompyuta moja mlikuwa na mchezo ulioitwa Le Routier. Kamio dogo jekundu, yaani lori, limebeba magunia ya viazi, linapanda milima, linashuka makorongo, linavuka daraja la mbao, na kazi yako ni kulifikisha sokoni bila kumwaga mzigo. Watu ambao makamio yao halisi yalikuwa yakianguka kila msimu wa mvua kwenye njia ya Kirumba walipanga foleni ili waangushe na la bandia. Mwisho wa mchezo kompyuta ilionyesha washindi kumi, na kwa ubahili wake ilimkubalia kila mtu herufi tatu tu. Juu kabisa, miaka nenda miaka rudi, palisomeka KAH.

"KAH ni mimi," Kahongya alikuwa akisema. Alilisema harusini, alilisema matangani, aliwahi kulisema katika mkutano wa wazazi wa shule uliokuwa unazungumzia vyoo. Mke wake Florentine, mama wa mtoto wao Jephté, alikuwa ameisikia habari hiyo hadi akajua pa kuguna na pa kutikisa kichwa, huku mikono yake ikiendelea kupanga makufuli.

Basi siku moja akaingia Jean-de-Dieu, fundi seremala kutoka Beu, mtaa wa Beni, mteja wa siku nyingi. Akasikiliza hotuba mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema:

"Mais Papa, hata kule kwetu Beu iko mama mumoja wa samaki, Rébecca Kahambu. Na yeye anasemaka KAH ni yake."

Mkono wa Kahongya ukabaki hewani juu ya mzani.

"Mwanamuke?"

"Mwanamuke, Papa."

"Wa samaki?"

"Samaki ya Kyavinyonge. Muzuri sana, hata mimi nanunuaka kwake."

Mwanaume mwingine angecheka yakaisha. Kahongya alikosa hamu ya kula mchana huo, jambo ambalo nyumba yake haikuwahi kuliona hata wakati wa malaria.

"Nitaifufua ile mchezo," alimwambia Florentine. "Batu bataona jina kwa macho yabo."

"Na kama iko jina ya ule mama?"

"Mama Jephté, hapana haribu mambo."

Akaenda Beni mwenyewe. Kompyuta ya zamani ilikuwa ingalipo, katika depo ya parokia, imefunikwa na kanzu za kwaya zilizoliwa na panya. Padri alimpa bila maswali, kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumwachia mbwa mzee. Kahongya akaifunga blanketi, akaikalisha kati yake na mwenye moto, yaani dereva wa pikipiki, akaishika njia nzima kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, akasimamishwa na askari mmoja aitwaye Omer, aliyetumwa kutoka mbali, magharibi ya nchi, na ambaye Kiswahili chake kilitembea kikiegemea Kilingala.

"Vieux, oyo eza nini?"

"Ni ordinateur, chef. Ndani iko jina yangu."

"Jina yako iko kwa carte. Leta carte."

Kahongya akatoa kadi yake ya kitambulisho. Omer akaisoma pande zote mbili, akamtazama, akalitazama lile blanketi.

"Jina iko hapa, nzima. Sasa mashini ni ya nini?"

Kahongya akaipokea kadi yake, akamgusa mwenye moto bega waondoke. 

Butembo kulikuwa na mama mmoja aitwaye Hadassa, fundi wa kompyuta, mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo wateja walimdhania ana kiburi. Alifungua kile chombo, akatoa vumbi la kujaza sufuria, akachomoa kile kisahani ambamo kompyuta huweka mambo yake, akakiunganisha kwa waya kwenye laptop mpya ya Kahongya, ile ambayo Florentine alikuwa akiandikia mali ya duka. Mchezo ulikuwa mzima. Hadassa akaunakili, akaugusa ufunguke. Laptop ikaandika kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi ndani yake.

"Inakataa?" Kahongya akapandisha sauti, kama anayemkemea mteja mgumu. "Inakataa namna gani, na iko mupya!"

"Donc ndiyo sababu inakataa, Papa. Ile mchezo inasema luga ya zamani. Hii Windows ya sasa ilisha kuacha kusikia ile luga."

"Kama batoto yetu benye kuzaliwa Kinshasa. Unabasalimia na Kinande, banakuangalia tu."

"Sawasawa. Tutaweka programme ingine katikati. Itajifanya mashini ya zamani. Mchezo itazania bado iko kwa bapadri."

"Kuidanganya?"

"Kuidanganya. Bila vile haitafunguka."

Kahongya hakuwa mtu wa kupinga uongo uliokuwa unamfanyia kazi. Akakubali. Hadassa akafanya ya kwake, kioo kikawa cheusi, kikalia kama kifaranga, na orodha ya washindi ikatokea. Juu kabisa: KAH.

Champion akavua kofia. Akapiga picha, akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, akaituma kwa kundi la familia, kwa kundi la parokia, hata kwa kundi la wachuuzi ambako watu walikuwa wanaulizana kama barabara imefunguliwa. Mmoja akajibu: "KAH ni kituo gani? Kamio zinapita?"

"Jaribu kucheza kidogo, Papa, tuone kama inatembea muzuri," Hadassa alisema.

"Champion hapana fanya répétition."

Akamwita Rébecca kwa simu. Aje Jumapili baada ya Misa, aone kwa macho, amalize maneno. Rébecca akajibu kwamba hiyo siku hata hivyo atakuwa Butembo kuleta samaki, atapita.

Jumapili duka lilijaa, na Hadassa akaja kuangalia mashini. Jean-de-Dieu alikuwepo, alikuwa amefunga safari makusudi. Rébecca akaja na beseni lake kichwani, akasalimia kila mmoja kwa Kinande bila haraka, akalitua mlangoni, akaketi juu ya mfuko wa simenti. Kahongya akamwonyesha orodha.

"Mama, unaona?"

"Naona. Iko safi. Sikuwaza kama nitaiona tena."

Jibu hilo halikuwa kwenye mpango. Kahongya akakohoa, akakaa mbele ya laptop, akanyoosha vidole kama mpiga kinanda. Kamio likaanza. Lakini laptop mpya ina nguvu kushinda ile mashini ya mapadri, na mchezo ulikuwa haujui kujizuia: kamio liliruka mlima wa kwanza kama panzi, likaangukia mgongo.

"Iko na haraka mingi," akasema.

Hadassa akapunguza mwendo. Kamio likafika darajani, likapinduka.

"Klavye ni nguvu-nguvu," akalaumu vitufe.

Hadassa akapunguza tena. Likapinduka palepale.

"Ni courant. Umeme ya leo haiko stable."

"Papa Jephté," Florentine akasema kutoka nyuma ya mabati, "ile mashini iko kwa batri."

Mwendo ukapunguzwa tena na tena, mpaka kamio likawa linakwenda kama msafara wa maziko, na lilipopinduka viazi vilianguka kimoja kimoja, kila mtu akapata nafasi ya kuvisikitikia. Kwaya ya vicheko ikaanzia mlangoni. Hadassa akainua mikono. "Nikipunguza tena, itasimama kabisa."

Ndipo Rébecca akainuka. "Rudisha mwendo kidogo. Tena kidogo. Kwa bapadri ilikuwa inalia hivi: tu, tu, tu." Akasikiliza, kichwa pembeni, mpaka mlio ukamridhisha. Akafuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga. "Papa, unaniruhusu?"

Kwa watu wengi namna hiyo, champion angekataaje? Akasimama.

Yule mama akaendesha kama anayekwenda sokoni kweli. Mlima wa kwanza, wa pili, korongo. Alipofika darajani akasimamisha kamio.

"Ameogopa!" Kahongya akasema.

Rébecca akaligeuza kamio, akalivusha daraja kinyumenyume, tako mbele, polepole, hata kiazi kimoja kisitikisike.

"Marche arrière!" Jean-de-Dieu akapiga makofi. "Mama, nani alikufundisha?"

"Hapana mutu. Nilikuwa najifunza kushona kwa chumba ya pembeni. Bote bakitoka, mimi nilikuwa nabaki nafagia. Nikisha fagia, nacheza." Hakugeuza macho. "Mbele ikitangulia, inaruka. Nyuma ikitangulia, muzigo inaikalia."

Kahongya alisimama nyuma yake. Aliikumbuka sasa, bila kupenda, ile siku ya Beni. Jioni alikuwa ameangusha kamio, akaondoka na hasira. Kesho yake asubuhi akaikuta KAH juu ya orodha, wenzake wakampiga mabegani. Alijiuliza kitambo kidogo tu, akajiambia labda alishinda akasahau. Mtu akikuta sifa imelala mlangoni pake, huiingiza ndani kabla jirani hajaamka. Ikishalala ndani miaka mingi, nayo huanza kumwita baba.

Kamio likafika sokoni. Rekodi ya zamani ikapitwa. Kompyuta ikaomba herufi tatu, na Rébecca Kahambu akaandika za kwake. Sasa orodha ikasomeka KAH, na chini yake KAH.

 Kahongya akanyoosha kidole.

"Munaona? Hii ya pili, ya zamani, njo yangu."

Walicheka hadi mzee mmoja akaomba maji. Rébecca hakucheka. Alimtazama champion kama anavyowatazama wale wanaobonyeza samaki wote kisha hawanunui.

"Ni sawa, Papa. Basi vuka daraja."

"Nangoja klavye ingine."

Rébecca akabeba beseni lake akaenda zake, kwa maana samaki hawangoji klavye. Kabla wiki haijaisha, wateja wa Kirumba, ambao hawakuwepo, walikuwa wanaambiwa kwamba KAH zote mbili ni za mwenye duka, na wakaonyeshwa picha mpya. Jean-de-Dieu akaipeleka habari hiyo Beu, akitarajia vita.

"Bamuachie," Rébecca alisema, huku akigeuza samaki. "Batoto yangu banakula samaki, habakulake herufi."

Jambo moja tu Kahongya hakumwambia mtu. Duka likiwa tupu, alikuwa akijifungia nyuma ya mabati na ile laptop. Aliangusha kamio kwa mwendo wa haraka, akaliangusha kwa mwendo wa pole, akaliangusha pasipokuwa na daraja. Siku aliyojaribu kinyumenyume alitazama kwanza kushoto na kulia, kama anayeingia kwa mganga. Likaanguka. Akarudia kesho yake. Florentine alimhitaji mumewe mbele, na laptop zaidi ya mumewe.

Mvua zilikuwa zimeanza upya ndipo adhuhuri moja ukelele ukatoka nyuma ya mabati, mkubwa hivi kwamba mteja aliyekuwa anachagua kufuli alilitupa na kukimbilia barabarani. Florentine akaenda mbio. Akamkuta mume wake amesimama, miwani kwenye paji la uso, kamio jekundu limefika sokoni na gunia moja na nusu. Jina lilikuwa limeingia kwenye orodha, mahali pa mwisho kabisa.

"Ya kumi?" akauliza Florentine.

"Ya kumi, ndiyo. Mais hii, nilicheza."

 Florentine hakupiga picha, wala Kahongya hakumwomba apige. Nje, mteja alikuwa anachungulia, hajui kama arudi.

"Sawa," Florentine akasema. "Sasa leta mashini, niandike mabati. Na enda umuite ule baba wa kufuli."