Kona Iliyolala Matopeni

Kombaini za siku hizi hupita shambani bila kusimama, nami humkumbuka dereva aliyekuwa akituvunia ngano enzi za utoto wangu. Yeye kila baada ya hatua mia alizima mashine, akashuka ngazi kinyumenyume, akapiga magoti nyuma yake na kupekua makapi kwa vidole vyake vinene. Punje zilizoanguka alizihesabu kiganjani kwa kunong'ona, kisha akapanda kupunguza feni inayopeperusha makapi, au mwendo. Alikuwa na sauti ndogo mno kwa mtu aliyeshinda kwenye ngurumo.

Mwaka aliofariki baba, wingu zito lilitanda kabla hatujamaliza. Mama alimkimbilia dereva. "Shemeji, kimbiza mashine! Mvua hiyo!" Akaikimbiza kipande kifupi, akazima, akamwita. Alipofunua mabua, ardhi ilikuwa imetapakaa ngano.

"Mvua itachukua kidogo, shemeji," alisema. "Nikikimbia, nitakumwagia nyingi zaidi."

Mama aliangalia chini, akaangalia juu. "Haya. Nenda mwendo wako."

Ghala lilijaa, ila mvua ilitunyang'anya kona ya mwisho. Ngano yake ikalala matopeni, mashine isiweze kuinyanyua. Kesho yake asubuhi tulimkuta dereva humo peke yake, kainama, anakata masuke kwa mundu.

"Acha tu, shemeji, umeshatusaidia," mama alimwambia.

"Hii niliiacha mimi."

Mama alikwenda nyumbani, akarudi na mundu wa baba.